UZI: "Jioni" ya Anna Akhmatova, kitabu cha nakala 300 na glavu iliyovaliwa mkono usio wake

#1 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Aliye na glavu za vidole vitano nyumbani, hata zile za kuendeshea pikipiki, achukue ya kushoto aivae mkono wa kulia. Aivae yote, mpaka kwenye kifundo.

Umeona? Kidole gumba kinaelekea kusiko. Upande wa kiganja umekaa mgongoni mwa mkono, mishono inabana kati ya vidole. Mtu aliyetulia haifikishi mwisho, anagundua mapema anaivua. Sasa mfikirie mwanamke aliyeivaa hivyo hivyo, akatoka nje, akashuka ngazi, na habari hana.

Ndivyo linavyoanza shairi la Anna Akhmatova, mshairi wa Kirusi, liitwalo "Wimbo wa Kuonana Mara ya Mwisho", la Septemba 1911. Ubeti wa kwanza, kwa Kiswahili changu:

*Kifua kilinipoa, sina la kufanya,*
*lakini hatua zangu zilikuwa nyepesi.*
*Mkono wa kulia nikauvika*
*glavu ya mkono wa kushoto.*

Nilikutana nalo Voronezh, Urusi, mwaka wangu wa lugha, kabla hatujagawanywa vyuoni. Mwalimu wetu wa Kirusi aliandika mistari hii minne ubaoni ili atufundishe viishio vya majina. Nje theluji, na mimi mtoto wa Tanga nilikuwa na wiki tatu tu tangu nianze kuvaa glavu. Asubuhi ile ile, nikiharakia basi, nilikuwa nimekosea mkono. Sikuhitaji kueleweshwa. Nilisoma ubao nikahisi kubanwa kwenye vidole.

Tazameni asichokisema. Hasemi analia. Hamtaji mwanamume kwa jina, wala hatuambii waligombana nini. Ubeti unaofuata anasema alidhani ngazi ni nyingi, na huku akijua ni tatu tu. Basi. Glavu moja na ngazi tatu, na msomaji anajua kila kitu kilichotokea ndani ya nyumba ile.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote, nililihesabu mwenyewe kwa vidole kama tulivyofundishwa kuhesabu mizani. Kwa Kirusi mshororo wa kwanza una mizani 10, wa pili 9, wa tatu 10. Sikio linasubiri 9 tena. Wa nne, ule wenye glavu, una 7. Mdundo wenyewe unajikwaa pale pale mkono unapokosea. Wengine wanasoma ushairi wa Kirusi kwa kufuata mpangilio wa mikazo ya sauti, si idadi ya silabi, na hata kwa njia yao ni hivyo: mishororo mitatu inakwenda sawasawa, wa nne unavunjika.

Shairi hili limo katika kitabu chake cha kwanza, "Jioni", kwa Kirusi *Vecher*. Kilitoka St. Petersburg Machi 1912. Mashairi 46, nakala 300. Mwandishi alikuwa na miaka 22. Naomba tukizungumze kitabu hiki polepole, maana naona watu wengi wanamjua Akhmatova wa uzeeni, yule wa mateso ya Stalin, na hiki wanakiruka kama cha utotoni.

#2 kalamu_mwanzi

Dada, nimeweka kambi hapa. Glavu sina, nimejaribu kwa soksi ya vidole ya mke wangu, nimekuelewa. Tupe historia kidogo ya huyu binti, na kwa nini kitabu cha nakala 300 kizungumzwe miaka mia na zaidi baadaye.

#3 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Asante kaka.

Alizaliwa Juni 1889 karibu na Odessa, ukingoni mwa Bahari Nyeusi. Jina lake Anna Gorenko. Baba yake mhandisi wa jeshi la majini. Utoto wake ulikuwa Tsarskoye Selo, mji mdogo wa bustani na majumba ya kifalme nje ya St. Petersburg. Alipoanza kuandika mashairi, baba alimwambia asilitie aibu jina lake. Naye akajibu kwa kuliacha. Akachukua la ukoo wa mama wa bibi yake, upande wa mama, Akhmatova, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba asili yake ni Khan Akhmat wa Watatari. Binti wa miaka kumi na kitu anakataliwa jina na baba, anajiokotea jingine, na hilo ndilo lililobaki. Gorenko leo tunamtaja kwa sababu yake.

Mwaka 1910 aliolewa na Nikolai Gumilyov, mshairi pia, aliyekuwa amemposa mara kadhaa akikataliwa.

Sasa hali ya ushairi wakati ule. Waliotawala ni wasimbolisti. Kwao ulimwengu huu ni pazia, na kazi ya mshairi ni kuonyesha kilicho nyuma yake. Waridi si waridi, ni kitu cha mbinguni. Machweo si machweo. Wapo wakubwa sana kati yao, Aleksandr Blok nisimguse, lakini wafuasi wao walijaza magazeti moshi mtupu. Vijana wakachoka. Mwishoni mwa 1911 Gumilyov na Sergei Gorodetsky wakaanzisha kikundi wakakiita Karakana ya Washairi. Angalieni neno walilochagua: si hekalu, ni karakana, pahala pa fundi na kifaa. Akhmatova ndiye aliyekuwa katibu, na Osip Mandelstam naye alijiunga. Mwaka 1913 wenzake wakatangaza rasmi jina la mwelekeo wao, akmeizimu, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kilele. Lakini "Jioni" ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla ya tangazo, kwa nembo ya Karakana hiyo hiyo. Yaani kazi ilitangulia, nadharia ikaja kuifuata.

Mwalimu aliyemfungua macho hakuwa mumewe. Alikuwa Innokenty Annensky, mkuu wa shule ya wavulana ya Tsarskoye Selo, mtu mkimya aliyefariki mwishoni mwa 1909 kabla kitabu chake kikubwa hakijatoka. Mwanzoni mwa 1910 Akhmatova alionyeshwa kurasa za majaribio za kitabu hicho, "Kasha la Mberoshi", akasema baadaye kwamba alikisoma akasahau kila kitu duniani. Kwa Annensky ndiko alikojifunza kwamba kitu kidogo cha nyumbani kinaweza kubeba uchungu wa mtu mzima.

#4 baharia_mstaafu

Binti yangu, mimi nasema kwa heshima. Nilisoma baadhi ya mashairi hayo kwa Kiingereza. Lipo moja mume anamchapa mkewe kwa mkanda uliokunjwa mara mbili. Kwangu mimi hapo hakuna fumbo wala karakana. Huyo ni mwanamke anayeeleza yaliyompata kwa mumewe, na sisi tunamsifia kwa ufundi badala ya kumhurumia. Kitabu kizima ni shajara ya ndoa mbaya.

#5 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na nimeishi nayo muda mrefu, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu.

Shairi hilo linaanza hivi:

*Mume wangu alinichapa kwa mkanda wa nakshi,*
*uliokunjwa mara mbili.*

Kisha mwanamke anamwambia mwingine, mpenzi wake, kwamba amekaa na taa dirishani usiku kucha kwa ajili yake. Kunapambazuka, moshi unapanda juu ya karakana ya mhunzi. Mzee wangu, huyo si mke wa mshairi wa Tsarskoye Selo. Huyo ni mwanamke wa kijijini, na mdundo wake ni wa nyimbo wanazoimba wanawake wa mashambani Urusi. Akhmatova amevaa sauti ya mwingine. Gumilyov mwenyewe alilalamika kwamba kwa sababu ya shairi hilo watu wanamwona mtesaji.

Na si huyo tu. Katika kitabu hicho hicho "mimi" ni nguva anayesema miguu haihitaji tena, na igeuke mkia wa samaki. Kwingine yumo msichana anayempenda mvuvi. Kwingine ni mwanamke aliyezaa na mfalme kwa siri. Haiwezekani wote hao wawe Anna. Ukikisoma kama shajara, nusu ya kitabu inakuponyoka.

Ila hapa nakupa haki yako: uchungu ni wa kweli. Shairi fupi la 1910 linasema, kwa maneno yangu:

*Alipenda vitu vitatu duniani:*
*nyimbo za ibada ya jioni, tausi weupe,*
*na ramani zilizochakaa za Marekani.*
*Hakupenda watoto wakilia,*
*wala chai ya rasiberi,*
*wala vituko vya wanawake.*
*… Na mimi nilikuwa mke wake.*

Rasiberi ni tunda dogo jekundu. Kule ukishikwa na mafua unawekewa jamu yake kwenye chai ya moto, mama au mke anakufunika blanketi. Asiyeipenda chai hiyo, mimi namsoma kuwa ni mtu asiyetaka kuuguzwa. Anataka tausi na ramani. Na hata kwenye mshororo wa mwisho, anapojitaja mwenyewe, kitenzi kimebaki cha wakati uliopita: *nilikuwa*. Ndoa ilikuwa na miezi tu.

#6 kidato_cha_nne_B

Hii tulifundishwa. Anayesema ndani ya shairi ni nafsineni, si mtunzi. Mwalimu wetu alikuwa anakata maksi ukiandika "mshairi analalamika".

#7 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Mwalimu wako alifanya vema sana. Neno nafsineni ndilo hasa ninalolihitaji hapa.

Acha nilete mfano ninaoupenda kuliko yote kitabuni, "Mfalme wa Macho ya Kijivu", la Desemba 1910. Mishororo 14, miwili miwili yenye vina. Linaanza kwa kuusifu uchungu usio na tiba, kisha: jana amefariki mfalme wa macho ya kijivu. Mume anarudi nyumbani jioni ya majira ya vuli, anasimulia kwa utulivu kwamba mfalme ameletwa kutoka mawindoni, mwili ulikutwa chini ya mti wa mwaloni. Anasema, maskini malkia, na mfalme mwenyewe bado kijana. Usiku mmoja nywele za malkia zimekuwa nyeupe. Halafu anatafuta kiko chake mekoni, anakichukua, anaondoka kwenda kazi ya usiku.

Kiko hicho! Mkewe amesimama pale amekufa nusu, yeye anatafuta kiko. Akishatoka, mwanamke anasema: sasa nitamwamsha binti yangu, niyatazame macho yake ya kijivu.

Neno moja, kijivu, limerudi mara ya mwisho, na siri yote imefunguka. Hakuna aliyekiri chochote. Sergei Prokofiev alilitilia muziki mwaka 1916, miongoni mwa mashairi matano ya Akhmatova, lakini mimi naona hata bila muziki lina mlango unaofungwa, ukausikia.

Mandelstam aliandika mwaka 1922 kwamba Akhmatova aliingiza katika mashairi mafupi ya Kirusi uzito wote wa riwaya ya karne ya 19. Nikilisoma hili naona alichomaanisha. Mtu mwingine angehitaji kurasa 400.

#8 msafiri_wa_addis

Mleta uzi, nipo Addis Ababa kikazi mwaka wa tano. Hujamtaja huyo Gumilyov alikuwa wapi wakati mkewe anaandika. Alikuwa huku! Watu wa makumbusho wanamjua. Mwaka 1913 alitumwa na Chuo cha Sayansi cha Urusi, akapita Harari, akampiga picha gavana wake kijana, Tafari Makonnen, ambaye baadaye ndiye Haile Selassie.

#9 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Kaka umenitangulia, nilikuwa naelekea huko, na hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo kwa mtazamo wangu.

Ile ya 1913 ilikuwa safari ya mwisho. Ya kabla yake ndiyo iliyotuletea "Jioni". Gumilyov alimwoa Anna Aprili 1910, wakaenda Paris, wakarudi, na Septemba mwaka ule ule akaondoka kwenda Uhabeshi. Miezi sita. Bibi harusi wa miezi mitano anabaki. Na katika majira yale ya baridi, kati ya Tsarskoye Selo na Kiev kwa mama yake, mashairi yakaanza kumtoka mfululizo. Tarehe zinaonyesha wazi: mfalme wa macho ya kijivu Desemba, "Nilifumbata mikono" Januari 1911.

Gumilyov alirudi mwishoni mwa Machi 1911 kwa kalenda yao ya zamani. Akhmatova amesimulia mwenyewe: katika mazungumzo ya kwanza kabisa mumewe akamuuliza, juu juu tu, "Umeandika mashairi?" Naye kwa furaha ya siri akajibu, "Nimeandika." Akaomba asomewe. Akasikiliza machache, akasema: wewe ni mshairi, inabidi utoe kitabu.

Nasimama hapa kila mara. Mtu amevuka bahari na jangwa kwenda kutafuta mambo makubwa ya kuandika, twiga, simba, misafara. Anarudi anakuta aliyebaki nyumbani amegundua nchi ambayo yeye hakuiona. Na sifa moja nampa Gumilyov: alisema kweli siku ile. Mshairi mwenye wivu angenyamaza.

Pia kuna Afrika nyingine ndani ya kitabu chenyewe, ya kimya zaidi. Shairi moja kuhusu Tsarskoye Selo linamwonyesha kijana mwenye rangi ya weusi akitembea kwenye vichochoro vya bustani, akiwa na huzuni ukingoni mwa ziwa. Halimtaji. Ni Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi, aliyesoma shule pale, na ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliletwa Urusi kutoka Afrika akiwa mtoto. Ubeti wa mwisho unasema: hapa ililala kofia yake ya pembe tatu, na kitabu cha Parny, mshairi wa Kifaransa, kilichochakaa. Na ubeti huo huo mwanzoni umesema: miaka mia imepita na bado tunautunza mchakacho wa nyayo zake unaosikika kwa shida. Hata Pushkin, ambaye wenzake wangemjengea mnara, yeye anampa kofia na kitabu kilichokunjika kurasa.

#10 baharia_mstaafu

Marahaba binti yangu, sikukujibu salamu mwanzo. Nimekubali kuhusu mhunzi. Ila sikuachii kirahisi. Hayo mambo ya glavu na kiko yanapita vizuri kwa Kiswahili? Nakuona unatafsiri bila vina. Wewe mwenyewe umesema wa Kirusi ana vina. Mshairi wa vina ukimwondolea vina umembakishia nini?

#11 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Hilo ndilo linaloniuma, mzee wangu, kwa hiyo naomba mnisaidie badala ya kunisifu.

Vina naweza kuvipata. Kiswahili kina vina kuliko Kirusi, maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Ndiyo shida yenyewe: kwetu kina ni rahisi, kinakuja chenyewe, na ili kiwe na uzito tunakifunga kwa mizani sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikifanya hivyo, ule mshororo wa mizani 7 unapotea. Glavu inakaa sawa mkononi! Nimeandika matoleo kama sita yenye vina, yote yanaimbika, yote mwanamke ametulia. Nikaamua bora nipoteze vina kuliko kupoteza kujikwaa.

Shida kubwa zaidi iko kwenye sarufi, na kwa aliyewahi kutafsiri itamgusa. Shairi maarufu la Januari 1911 linaanza kwa neno moja, *szhala*. Maana yake kufumbata, kukaza mikono. Kitenzi cha Kirusi cha wakati uliopita hakikwambii ni mimi, wewe au yeye. Kinakwambia tu kwamba aliyefanya ni mwanamke. Cha kwetu ni kinyume chake kabisa: "nilifumbata" inasema ni mimi, "alifumbata" inasema ni yeye, lakini hakuna anayejua kama ni mwanamke au mwanamume. Kirusi kinaficha nafsi na kufunua jinsia. Kiswahili kinafunua nafsi na kuficha jinsia.

Maana yake, mwanzo wa shairi kwa Kirusi ni mwanamke aliyejifunika uso, hatujui bado kama anajisemea au anasemwa. Kwa Kiswahili lazima nichague kwenye herufi ya kwanza kabisa. Nikichagua *ni-*, nafsi imejitoa mapema. Nikichagua *a-*, nimemweka mbali. Na jinsia yake inanibidi niitafute kwenye utaji. Bahati nzuri utaji tunao, kila msomaji wa Kiswahili akiuona neno hilo anamwona mwanamke. Kwa hiyo:

*Nilifumbata mikono chini ya utaji wa kiza…*
*"Mbona leo umepauka?"*
*"Kwa kuwa nimemnywesha majonzi makali*
*mpaka akalewa."*

Anasimulia: alitoka akipepesuka, mdomo umempinda. Nikashuka mbio bila kugusa kishikio cha ngazi, nikamkimbilia mpaka getini. Nikitweta nikapiga kelele, yote yaliyokuwa ni mzaha, ukienda nitakufa.

Na hapo mwanamume anatabasamu, kwa utulivu wa kutisha, na anamwambia maneno manne ya Kirusi: *ne stoi na vetru*. Usisimame penye upepo.

#12 kalamu_mwanzi

Aisee. Hapo nimesimama kusoma.

#13 mama_wa_mapacha

Nimekuwa nasoma tu kimya kimya. Hiyo ya upepo imenifungua mdomo. Hilo ni neno la mama kwa mtoto, au la mume kwa mke anayemjali. "Ingia ndani, baridi hiyo." Yeye analitumia kumaliza. Angemtukana ingekuwa nafuu, ukitukanwa bado mna ugomvi. Ukiambiwa ujikinge na upepo na mtu anayeondoka, umeshakuwa mtu baki.

#14 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Mama wa mapacha, hakuna mhakiki niliyemsoma aliyeniambia kwa ufupi namna hiyo. Asante sana.

Na ndiyo maana nashikilia kwamba kitabu hiki hakistahili kurukwa. Mikhail Kuzmin, mshairi aliyeandika dibaji yake, alikiona mapema. Alianza kwa kukumbusha jamii ya zamani ya Aleksandria ambayo wanachama wake walijiona kama watu waliohukumiwa kufa, ili kila siku na kila saa iwe na makali. Akasema Akhmatova anavielewa na kuvipenda vitu kwa jinsi vinavyofungamana, kwa namna isiyoelezeka, na dakika ambazo mtu anaziishi. Akamalizia kwa kuwatangazia mabibi na mabwana kwamba anawajia mshairi mpya, kijana, mwenye kila kitu cha kumfanya mshairi wa kweli, na jina lake ni Anna Akhmatova. Kwa Kirusi alitumia neno la kiume la mshairi, na "lake" la kiume pia, ingawa neno la kike lipo. Akhmatova maisha yake yote alilikataa lile la kike, alitaka aitwe mshairi. Kwetu neno ni moja, na hapo Kiswahili kinamtendea alivyotaka bila jasho.

#15 msafiri_wa_addis

Swali la mwisho kutoka kwangu. Yeye mwenyewe alikipenda hiki kitabu?

#16 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Hapana, na inanisikitisha. Uzeeni aliandika kwamba mashairi haya maskini ya msichana asiye na lolote kichwani yanachapwa na kuchapwa tena, sijui kwa nini. Akasema msichana yule hakutabiri hatima hiyo, na kwamba magazeti yalipomchapisha mara ya kwanza aliyaficha chini ya mito ya kochi ili asiudhike akiyaona. Kitabu kilipotoka aliudhika hadi akasafiri kwenda Italia. Mwezi wa Machi kitabu, Septemba ya mwaka ule ule, kwa kalenda yao ya zamani, mtoto wake Lev akazaliwa, kwa hiyo alisafiri akiwa mjamzito.

Kitabu cha pili, "Rozari", kilitoka 1914 na ndicho kilichompa umaarufu wa nchi nzima. Gumilyov alipigwa risasi na Wabolsheviki Agosti 1921. Lev alifungwa mara kadhaa. Mama alizuiwa kuchapisha kwa miaka mingi, akafariki Machi 1966. Hayo yana nyuzi zake na wenye kuyajua vizuri kuliko mimi wapo humu.

Ninachoomba ni tusikisome cha kwanza kwa miwani ya cha mwisho, kana kwamba thamani yake ni kutuandaa kwa mateso yajayo. Mwaka 1911 hakujua lolote kuhusu 1921. Alikuwa na ngazi tatu mbele yake, zikaonekana nyingi.

#17 baharia_mstaafu

Binti yangu, nimekaa na shairi la glavu tangu asubuhi. "Nikauvika" siipendi, inampa muda wa kufikiri. Mtu anayevika anaangalia anachofanya. Weka "nikaivaa mkono wa kulia, glavu ya kushoto". Na ile "ya mkono wa" ya pili uikate. Itakuwa fupi, itajikwaa.

#18 mtoto_wa_chumbageni (mleta uzi)

Nimehesabu, mzee wangu. "Nikaivaa mkono wa kulia" ni mizani 12. "Glavu ya kushoto" ni 6. Naandika upya usiku huu:

*Kifua kilinipoa, sina la kufanya,*
*lakini hatua zangu zilikuwa nyepesi.*
*Nikaivaa mkono wa kulia*
*glavu ya kushoto.*